Kioo cha Opicho na Mlango wa Buti

Mlango wa nyuma wa gari la Opicho uliharibiwa na heshima. Majirani wa mtaa wa Umoja walipenda kusema ni pombe, lakini Opicho hakuonja hata busaa ya harusini, kwa hiyo waache uongo wao. Ni heshima tupu iliyolibamiza gari lile kwenye nguzo.

Ilikuwa hivi. Opicho, msimamizi wa stoo katika kiwanda cha magodoro huko Industrial Area, alikuwa Mbukusu aliyelelewa akaleleka. Mbukusu wa namna hiyo hamtazami mama mkwe wake usoni. Hampi mkono, hali naye meza moja, na wakikutana njiani mmoja wao huchepuka. Naye mama mkwe halali chini ya paa la mkwewe hata inyeshe mvua ya mawe. Sasa Pasaka ya mwaka wa tisini na sita, mama mkwe wake, Mama Wabwire, alikuja kutoka Chwele kumwona bintiye Mourine, na siku ya kurudi Opicho akajitolea kumpeleka kwenye basi. Alikuwa na gari kubwa la juu, alilouziwa na bosi wake aliyehama nchi, na alitaka lionekane. Mama akakaa kiti cha nyuma kabisa. Opicho akawasha gari, akatupa jicho kwenye kioo cha kati, na lo! uso wa mama mkwe ulikuwa humo mzima mzima. Akakisukuma kioo juu kikatazama dari. Kisha akarudi nyuma bila kuona chochote, akaikuta nguzo ya geti la ploti.

Tangu siku hiyo mlango wa buti, ule unaofunguka kwenda juu, ulikaa upande. Upande mmoja ungeingiza vidole viwili kati yake na bodi, upande wa pili hata ukucha haupiti. Ukiubamiza, unaruka. Opicho aliufunga kwa kamba ya katani na kusema ataushughulikia. Akasema hivyo Mei, akasema Juni, akasema Julai. Fundi Mativo, jirani yake, alijitolea autazame, Opicho akakataa. Yeye ndiye aliyeugonga, alisema, na yeye ndiye atakayeunyosha.

Mwezi wa nane barua ikatoka hospitali ya macho: Mama Wabwire afike Jumatatu akafanyiwe upasuaji. Ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemfunga jicho la kulia kabisa, na la kushoto liliona mwanga na vivuli tu. Daktari alikuwa ameonya mapema. Baada ya upasuaji jicho lile lisiguswe na vumbi wala moshi, la sivyo litaharibika, na halitapata nafasi nyingine. Na mama angekaa wapi ndani ya gari? Nyuma kabisa, mbali na mkwewe, yaani palepale ambapo ufa ule ulivuta vumbi lote la barabara ya Outer Ring na moshi wote wa ekzosi. Kiti cha karibu zaidi asingekubali hata kwa bunduki.

"Baba Nabiswa," Mourine alimwambia mumewe Jumamosi asubuhi, "mama akipofuka kwa sababu ya mlango wako, sitakusamehe. Nakwambia mapema."

Opicho alivaa kaptura ya zamani na vesti yenye matundu, akachukua spana, akaingia ndani ya buti. Alibandua kitambaa cha dari, na huko juu akazikuta bolti nne za bawaba. Mpango ulikuwa rahisi: alegeze bolti, Mourine asimame nje autazame ufa na kumwelekeza, kisha akaze.

"Kushoto kidogo!" Mourine akasema.

Opicho akausukuma kushoto, akakaza. Wakajaribu kuufunga. Ukaruka.

"Nimesema kushoto!"

"Hii ni nini kama si kushoto?"

"Opicho, kwani mkono unaolia nao ugali ni upi?"

Walibishana hivyo saa nzima, yeye akimtazama mkewe kupitia kioo cha mlango, mkewe akimtazama yeye, kila mmoja akiwa na kushoto kwake. Ufa ukazidi kuwa mpana. Majirani waliotoka kuanika nguo walisahau kuanika. Mwishowe Mourine akatupa kanga begani na kusema anaenda stendi ya mabasi ya mashambani kumngoja mama, basi linafika saa kumi. Opicho akabaki peke yake na spana yake. Alikuwa na hasira, lakini zaidi alikuwa na hofu. Alimpenda yule mama. Miaka kumi na miwili iliyopita, ndugu wote wa Mourine walipomkataa, mama peke yake ndiye aliyesema, "Mpeni, mradi anafanya kazi." Hakuwahi kumshukuru, kwa maana angemshukuruje mtu ambaye haruhusiwi kumsogelea?

Akalegeza bolti zote nne tena, akauvuta mlango ukashuka, akajilaza chali ndani ya buti akiwaza.

Saa saba mchana, lori la mahindi likasimama getini. Akashuka Mama Wabwire, mwenye kiroba na jogoo mwekundu chini ya kwapa. Alikuwa amepewa lifti na mtu wa kwao, wala basi hakulipanda. Utingo akamwongoza hadi ndani ya ploti, akamtafutia kigoda cha mtu aliyekuwa anafua, akamkalisha kwenye kivuli. Na kivuli cha pekee saa saba mchana kilikuwa nyuma ya gari la Opicho.

Opicho alimwona kupitia kioo cha mlango. Milango minne ya gari ilikuwa wazi kabisa, angeweza kutoka kwa wowote na kukimbia. Lakini atokeje na vesti yenye matundu mbele ya mama mkwe? Ati haoni vizuri? Heshima haipimwi na daktari wa macho! Akavuta gunia, akajifunika hadi shingoni, akazuia pumzi. Gunia lilikuwa la unga.

Akapiga chafya.

Mama Wabwire, bila haraka, akageuza kigoda, akalipa gari mgongo. Akamweka jogoo mapajani.

"Wewe jogoo," akasema, "humo ndani kuna mtu?"

Opicho akatafakari. Kumjibu mama mkwe ana kwa ana, hapana. Lakini jogoo si mkwe wa mtu.

"Jogoo," akasema kwa sauti ndogo, "mwambie mama yumo. Na mwambie hakuvaa vizuri."

"Jogoo, mwambie sijauliza mavazi yake. Uliza anafanya nini humo na jua hili."

"Jogoo, mwambie ananyoosha mlango ili vumbi lisiingie kwenye jicho la mtu. Na mwambie umemshinda." Kusema ukweli, machozi yalimlengalenga.

Mama akainuka, akarudi kinyumenyume, uso umeelekea getini, mkono mmoja nyuma, mpaka kidole gumba chake kikaugusa ufa. Akakipitisha kutoka juu hadi chini, upande huu na upande ule, polepole, kama anayepima kitenge.

"Jogoo, adhana inatoka upande gani hapa?"

"Jogoo, mwambie msikiti uko mkono wake wa... hapana. Mwambie uko upande wenye ufa mwembamba."

"Na yale maji nayasikia yanatiririka?"

"Ni bomba. Liko upande wenye ufa mpana."

"Basi mwambie ausukume uelekee bombani. Upana wa punje ya maharagwe. Aachane na mambo ya kushoto."

Opicho akasukuma kuelekea bombani. Jamani, mlango ulitii! Mama akapitisha kidole. "Bado nusu punje." Akasukuma. "Sasa pande zote ni ndugu. Mwambie akaze."

Alipokuwa anakaza ndipo Shamis, mwenye duka la vitambaa upande wa pili wa ploti, alipotoka kumkaribisha mgeni. Ilikuwa imepangwa mama alale kwake, kwa kuwa paa la mkwe lilikuwa mwiko. Akamkuta bibi amelipa gari mgongo anaongea na kuku, na gari linamjibu kuku.

"Subhanallah! Mama, niwasaidie kupeleka maneno?"

"Asante mwanangu," Mama Wabwire akasema, "tuna mtu tayari."

Mlango ulikuwa umenyooka, lakini ukibamizwa bado unaruka. Opicho akaihamisha ile pete ya chuma kwenye sakafu ya buti inayoumwa na kitasa, akaikaza, akajaribu. Ukaruka. Akaihamisha tena, akaikaza kwa nguvu zote. Ukaruka tena.

"Jogoo," mama akasema, na sasa alikuwa na ukali, "muulize mbona anakaza kabla mlango haujakaa? Mlango wangu wa jikoni nimeutengeneza mwenyewe tangu babake Mourine afe. Mwambie hiyo pete ailegeze, icheze. Mlango uifuate upendapo. Ukishakaa, ndipo akaze."

Opicho akailegeza pete. Mama akajiweka sawa, akainua kiuno, akaupiga mlango kwa makalio mara moja tu.

Kacha!

Ufa haukuwepo. Mama akarudi kigodani, mgongo bado kwa gari. Opicho akaikaza pete taratibu, akaufunga mlango na kuufungua mara saba kama mtoto, na kila mara ukalia kacha. Shamis alipiga kigelegele. Jogoo akawika, na hakuna aliyeona ajabu.

Mourine alirudi saa kumi na mbili, amechoka, amelia, akidhani mamake kapotea. Alipokwisha kumgombeza kila mtu alitafuta kisu. Kuku wa mgeni huliwa siku hiyo hiyo, na mumewe alikuwa hajala kuku tangu Pasaka.

"Huyo hachinjwi," Opicho akasema.

"Wewe? Wewe unakataa kuku?"

"Huyo ni mshenga."

Mourine akatuma swali kwa mamake kule kwa Shamis. Jibu likarudi lile lile. Usiku huo walikula sukuma wiki.

Jumatatu wakaenda hospitali, na jogoo akaenda nao, amefungwa mguu kwenye kiti cha nyuma kando ya mama. Mourine alisema yeye anatosha kupeleka maneno, yeye ni binti na ni mke. Mama akamjibu kwamba yeye huongeza chumvi, jogoo haongezi.

Jumanne asubuhi bandeji ikatolewa. Mama Wabwire alitoka wodini ameshikwa mkono na bintiye, akaingia garini kwa mlango wa pembeni, akakaa mahali pake nyuma kabisa. Opicho alikuwa ameshakaa kwenye usukani, macho mbele. Kioo cha kati alikuwa amekisukuma juu, kinatazama dari.

Akawasha gari. Akaingiza gia ya kurudi nyuma.

"Jogoo," sauti ikasema kutoka nyuma, "mwambie dereva akishushe kioo."

Opicho akakanyaga breki. "Jogoo, mwambie mama si heshima."

"Mwambie ameniletea jicho. Nimempa mtu binti yangu miaka kumi na miwili iliyopita, na sijui uso wake ukoje. Na mwambie nguzo zipo hapa pia."

Mourine alifunga mdomo kwa kiganja. Opicho aliinua mkono, akakishusha kioo kidogo kidogo mpaka kiti cha nyuma kikaingia, na mlango wa buti ulionyooka, na jicho moja jekundu lenye machozi, linamtazama.

Walitazamana muda mfupi tu. Kisha mama akainama kwa jogoo.

"Mwambie nimemwona," akasema. "Sasa aangalie barabara."

Opicho akarudi nyuma akiangalia, hakugonga kitu. Mpaka Umoja, hapakuingia vumbi hata chembe.