Duara Kwenye Boneti

"Hapana, si rangi tu. Ukisema ni rangi tu, dada, basi hata wewe ni ngozi tu. Leta mkono hapa nikuwekee sufuria imetoka kwa moto, alafu usipige nduru."

Hivyo ndivyo nilimjibu dadangu mkubwa ile jioni ya Sabato, tumesimama nyuma ya hema ya wamama, yeye bado amevaa kile kitambaa cha wahudumu begani.

"Hakuna mtu amekufa," akasema. "Gari bado inatembea. Wachana na hii maneno."

"Inatembea leo. Na Jumatano?"

Alijua Jumatano ni nini.

Gari yenyewe si yetu. Ni ya mjomba, kaka ya mama, kagari kadogo ka buluu anakapenda kuliko hata shamba yake ya miwa. Alitupatia kwa sababu ya dani, yaani nyanya yetu. Alikuwa ametengenezwa nyonga, na daktari akasema asikae amekunja mguu, kwa hivyo matatu haingewezekana. Kila Jumatano nilikuwa namtoa Migori, nampeleka hospitali Homa Bay kwa mazoezi ya mguu, kiti cha mbele kimerudishwa nyuma mpaka mwisho. Alianza na magongo mawili. Sasa alikuwa amefika moja.

Siku mjomba alinipa funguo, tulizunguka gari yote pamoja, yeye akipiga picha na simu, mpaka chini ya bampa akainama. Alafu akasema, "Wewe ni msichana mwerevu, umemaliza shule, kwa hivyo nasema mara moja. Siku nitaona alama hapa haikuwa kwa hizi picha, funguo zinarudi kwangu. Sitauliza nani." Mjomba si mtu wa kurudia. Alishawahi kumfukuza kijana wake mwenyewe kwa hiyo gari kwa sababu ya maganda ya njugu.

Kwa hivyo niliilinda vile mtu analinda mtoto wa wenyewe. Na hapo ndipo nilijua watu wetu. Kwetu gari ikisimama tu, watu wanaona fanicha. Soko ya Migori nilienda kununua sabuni, kurudi nikapata mama ameweka karai ya samaki omena juu ya buti anauza. Nikamwambia nataka kuenda. Akaniangalia vile unaangalia mtu amekatiza maombi. "Ngoja nimpimie huyu kwanza, nyathina, mtoto wangu." Pale Rongo, mwanaume wa bodaboda alipandisha mguu juu ya bampa akafunga kamba ya kiatu, pole pole, kiatu cha kwanza, alafu cha pili. Hospitali nilipata sweta ya mtu imeanikwa kwa kioo cha pembeni. Hakuna hata mmoja aliniambia pole. Wote walishangaa kwamba hiyo kitu ina mwenyewe.

Makambi ilipofika nikajiambia hapa ni watu wa Mungu, hapa nitapumzika. Nilijidanganya.

Makambi yetu ni ile wiki ya kila mwaka kanisa zinakutana, watu wanalala kwa hema, wanahubiriwa asubuhi mpaka jioni na kupika pamoja. Mwaka huo ilikuwa nje kidogo ya Homa Bay, mahali unaona ziwa. Dani hangekosa. Ni kanisa alibatizwa. Nilimleta, nikaegesha gari mbali na boda, mbali na ng'ombe, mbali kabisa na jikoni, karibu na ua. Ningeweza kuilaza kitandani ningeilaza.

Kitu sikujua ni upepo. Saa sita ya Sabato upepo wa ziwa uligeuka, moshi wa jikoni ukaanza kuingia kwa mhubiri. Mhubiri akakohoa, wazee wakakohoa, na wamama wakaamua mahali pa kupakua chakula pahamishwe. Wakaleta pale kwa magari. Sabato hatupiki, tunapasha moto tu kile kilipikwa Ijumaa, lakini moto ni moto. Meza zilikuwa mbili, sufuria zilikuwa nyingi. Mimi nilikuwa kwa hema ya vijana naimba sauti ya pili, macho yamefungwa, nimefurahi kama mjinga.

Kurudi, nikakuta duara.

Ilikuwa katikati ya boneti, kubwa kama beseni. Rangi ilikuwa imevimba na kujikunja, kama utandu wa maziwa ukiusukuma na kijiko. Pembeni kulikuwa na mkwaruzo mrefu, pale mtu alivuta sufuria badala ya kuibeba. Na katikati ya duara, mistari miwili nyekundu imeshika kwa bati.

Mtu wa mbali angeshangaa hiyo mistari. Sisi hatushangai. Ukipeleka vyombo makambi ama matanga, unaviandika chini na rangi ya kucha ndio visipotee kwa vya wenzako. Sisi yetu ni nukta ya zambarau. Kuna nyumba yao ni msalaba, kuna wengine ni jani. Mistari miwili nyekundu kila mtu anaijua. Ni ya mkubwa wa jikoni, bibi ya mzee wa kanisa, mama mwenye sauti ya kufukuza ndege kwa mtama. Yeye mwenyewe ako na gari, ya rangi ya fedha, imefunikwa na kava kubwa ya kijivu mchana na usiku, na amezungusha mawe ndio mtu asikaribie. Mtoto akikimbia pale anaitwa kwa ukali, kwa jina la babake.

Nilimkuta amekaa kwa ndoo, anakula.

"Mama, shikamoo. Sufuria yako imechoma gari ya mjomba."

Akatafuna. Akameza. "Leo ni Sabato, mwanangu. Mambo ya gari ni ya kesho."

"Na kuchoma ilikuwa ya lini, mama?"

Wamama wakageuka. Mmoja akaweka sahani chini kabisa ndio asikie vizuri.

"Ayie!" akasema. "Watoto wa siku hizi mdomo umetangulia miguu. Nilikuwa nalisha watu wa Mungu. Chakula iko moto, meza imejaa. Ulitaka niweke wapi, kichwani kwako?"

Wakacheka. Wote. Hata yule wa sahani.

"Ungeweka kwa yako," nikasema.

"Yangu imevaa nguo. Yako ilikuwa uchi."

Sasa hiyo kicheko ilienda mpaka kwa wanaume. Nilisimama pale nikiwa na machozi ya hasira, na yeye akanyoosha mkono, akapakua wali na kipande kikubwa cha samaki mbuta, ile ya mgongo haina mifupa, akanipea. "Kula, nyathina. Njaa ndiyo inakusumbua."

Nilikula. Sitadanganya, ilikuwa tamu, na kila tonge iliniongezea hasira.

Nikapeleka dani maji kwa hema. Nilikuwa nimeapa sitamwambia, lakini maneno makambi hayana miguu, yana mabawa. Alikuwa ashasikia. Hakusema kitu kuhusu gari. Alisimama, akaegemeza gongo kwa kitanda, akaanza kutembea kuelekea bomba bila gongo. Mkono mmoja ulikuwa umeshika rinda, mwingine uko hewani kama mtu anavuka mto. Midomo imekazwa. Alifika bomba, akaishika na mikono yote miwili, akageuka akanitabasamia na jasho imejaa usoni.

"Unaona, nyakwara, mjukuu wangu? Hata matatu naweza. Mwambie mjomba wako achukue gari yake, mimi nimepona."

Hakuwa amepona. Mguu ulikuwa unatetemeka, naona kabisa rinda inatetemeka. Nilimrudisha nikimshika kiunoni. Nilikuwa nafikiria kitu moja: mjomba anakuja kesho kwa kufunga makambi. Ataona boneti kabla ya kuona uso wangu. Jumatano dani atabaki kwa kiti chake Migori, na huyu mama atakuwa nyumbani kwake anaosha sufuria.

Tukangoja jua. Sijawahi kuangalia jua hivyo. Sabato inaisha likizama, na mimi nilikuwa nimekaa kwa jiwe nalisukuma kwa macho liingie ziwani haraka. Likaingia. Wakaimba wimbo wa kufunga, wakaomba, wakasalimiana. Nikamfuata yule mama.

"Mama, Sabato imeisha."

"Niko na mkutano wa jikoni," akasema, bila kusimama. "Kesho."

"Kesho mjomba atakuwa hapa."

"Basi nitamsalimia."

Hapo ndipo nilimwambia dadangu nataka kulipiza, na yeye ndiye akaanza hayo maneno ya rangi tu. Nilijua yanatoka wapi. Harusi yake ilikuwa Desemba na yule mama ndiye angepika.

"Ukimwaibisha huyo, atanipikia wali mbichi mbele ya wakwe," akasema. "Nakuomba. Mwambie mjomba ilikuwa ajali."

"Haulizangi nani. Na haikuwa ajali. Ajali ni kitu mtu hajui itatokea."

"Sasa utafanya nini? Umchune gari na msumari kama mlevi?"

"Msumari ni ya watu hawana adabu," nikasema. "Mimi nitamrudishia kile alitupatia. Saizi hiyo hiyo."

Kila jioni nachemsha maji ya kumkanda dani. Nikaenda jikoni, na kwa zile sufuria zimelala nikachagua ile ya mistari miwili nyekundu. Nikaijaza, nikaikalisha kwa moto mpaka ikanguruma. Giza ilikuwa inaanza kuingia lakini bado unaona mtu. Nikaibeba na vitambaa viwili, moja kwa moja kwa ile gari ya fedha, dadangu nyuma yangu ananong'ona, "We! We msichana! Wacha! Mungu anakuona!"

"Aone vizuri," nikamwambia. "Hata mchana alikuwa anaona."

Nikaruka mawe. Nikaweka sufuria kwa nyasi, nikafungua kamba ya kava, nikaivuta juu mpaka kwa kioo.

Mahali nilitaka kuweka, mtu alikuwa ameshanitangulia.

Duara. Katikati ya boneti, kubwa kama beseni. Ilikuwa ya zamani, rangi imeshatoka kabisa, kutu imeingia pembeni, na mtu alijaribu kuifunika na rangi nyingine ya fedha ambayo haikufanana. Nikapima na mkono wangu, kutoka kiwiko mpaka kwa kifundo cha mkono. Nikapima sufuria. Ni hiyo hiyo.

Dadangu alisahau kunong'ona. "Kumbe alijichomea mwenyewe?"

"Makambi ya mwaka jana," nikasema, kwa sababu nilikumbuka. Mwaka jana gari haikuwa na kava. Mwaka jana aliwapatia watoto lifti kwenda ziwani. Kava ilianza baadaye, na mawe, na kuita watoto kwa jina la baba yao.

Sijui dadangu alitarajia nini. Pengine alifikiria nitamhurumia. Akaanza, "Si unaona sasa, hata yeye aliumia..." Nikamwangalia mpaka akawacha. Kwa sababu mimi niliona kitu ingine. Kwa kambi nzima, watu wote wale na sufuria zao zote, kulikuwa na mtu mmoja tu alijua kabisa sufuria ya moto hufanya nini kwa boneti. Alijua harufu yake. Alijua vile rangi inajikunja. Alibeba sufuria ile ile, akapita gari yake, akaangalia magari ya wengine, akachagua.

Alafu akaniambia yangu ilikuwa uchi.

Hasira yangu ikatulia. Haikuisha, ilikaa tu chini vizuri kama mtu amepata kiti. Nikarudisha kava vile ilikuwa, nikafunga kamba na fundo lake. Maji nikampelekea dani, bado ya moto. Nilimkanda nyonga na akalala akiniambia tena amepona, na mimi nikamwambia ndiyo, dani.

Dadangu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Umesamehe, sindio?"

Nikamwambia alale.

Nilikuwa nimeshaamua. Asubuhi nitaamka kabla ya wa kupika uji. Nitatoa mawe moja moja, niyapange kando kwa heshima. Nitaleta kagari ka mjomba nikaegeshe hapo, pua kwa pua na ile ya fedha, mahali foleni ya uji lazima ipite. Nitavua kava, niikunje vizuri kama shuka ya mgeni, niiweke kwa paa yake. Dani nitamkalisha kwa kiti nje, mbele ya foleni, na gongo lake. Mjomba akifika nitamwambia, mama huyu alisema leo ndiyo siku ya mambo ya gari, na sisi wote tumengoja. Sitaongeza neno.

Na ile sufuria nitaisugua na majivu mpaka ing'ae, niiweke juu ya duara ya mjomba, baridi, imepinduliwa, mistari miwili nyekundu ikiangalia watu.