Bastola Yenye Mpini wa Paja la Nguruwe

Radosav wa kijiji cha Njeguši alikuwa na bastola kubwa mno; akiichomeka kiunoni, tumbo lake lilibidi lisogee liipishe. Babu wa babu yake aliingia nayo vitani dhidi ya jeshi la sultani akatoka nayo, maana huko Montenegro mwanamume aliyenyang'anywa silaha ni heri asingezaliwa. Siku hizi haikuwa na risasi wala haja ya risasi. Kazi yake ilikuwa kung'aa siku ya sikukuu ya kijiji.

Na huko kung'aa ndiko kulikomkosesha Radosav raha. Mwenye bastola nzuri kuliko zote ndiye aliyeongoza maandamano, na kila mwaka aliongoza jirani yake Krcun, eti mpini wa bastola yake ni pembe ya ndovu. Maringo aliyokuwa nayo mtu yule, acha tu!

Safari hii Radosav akasema liwalo na liwe. Ndovu hana, nguruwe anao. Akachukua mfupa wa paja lililokaushwa kwa moshi kipupwe kizima, akauchonga mpini mpya, akaupiga msasa, akautia nakshi za fedha.

"Mume wangu, hiyo bastola inanukia chakula cha mchana," mkewe Ilinka akamwambia.

"Wivu huo, mama."

Siku ikafika, wanaume wakapanga mstari mbele ya kanisa. Kabla waamuzi hawajamfikia Radosav, mbwa wa padri alimfikia. Akanusa, akaikwapua bastola kiunoni, akatimua mbio. Uwanja mzima ukaangua kicheko. Radosav alitamani ardhi immeze: jeshi zima la sultani lilishindwa, mbwa ameweza!

"Pole, jirani," Krcun akamkejeli. "Mwakani chomeka soseji."

Ilinka alikwisha kumkaba mbwa na kuirudisha bastola, imejaa mate. "Wewe Krcun, si unasema yako pembe ya kweli? Hebu mbwa naye aikague."

"Mpe! Mpe!" watu wakapiga kelele.

Krcun akaiweka chini shingo upande. Mbwa akanusa, akanusa tena, akainua mguu, akaikojolea.

"Plastiki, wanangu," padri akatoa hukumu. "Huyu hajawahi kukosea mfupa."

"Aliyeniuzia aliapa!" Krcun akalalama, masikio mekundu.

Waamuzi wakachagua mfupa wa kweli, na Radosav akaongoza maandamano kifua mbele, machozi ya furaha yakimtoka. Mikono yote miwili ilikuwa imeushika mpini, maana wa pili katika mstari alikuwa mbwa.