Daktari Fanuel na Mawe ya Tryphena

Mtu akikwambia mwaka wa sabini na sita tulikuwa na mtaalamu wa mawe huku Marungu, mcheke. Tulikuwa na Fanuel. Alikaa Nairobi wiki mbili, akarudi na kijisanduku cha kuchungulia kwa jicho moja na koti jeupe la mchinjaji, akataka tumwite Daktari. Nasi wajinga tukamwita! Debe tupu haliachi kuvuma.

Kazi ya sanduku lile si uchawi. Mwanga ukiingia kwenye jiwe hupinda, na kila aina ya jiwe huupinda kwa kadiri yake. Unatia tone la dawa juu ya kioo, unalaza jiwe hapo, unachungulia, unasoma namba. Ganeti ya kijani, ile tuliyokuwa tukichimba, ni moja nukta saba nne.

Wa kwanza kupimwa alikuwa Tryphena, Mama Crispus, mjane aliyekuwa na shimo bora kuliko yetu sote. Wivu ulitujaa hadi kooni. Alileta mawe saba, yakiwa na mikwaruzo vile yalivyotoka ardhini. Fanuel akayapima moja moja, mdomo ameubenua. "Moja nukta nane moja," alisema kila mara. "Si ganeti hii. Huyu mama anaficha mazuri, anatuletea takataka."

Mwenyekiti wa chama chetu cha wachimbaji, kilichouza mawe yetu kwa pamoja, Kilonzo, akauliza nani anataka mama huyu anyang'anywe shimo. Mikono ikainuka. Wangu pia, na sisemi uongo, uliinuka kwa furaha.

Shimo lile ndilo lililolisha watoto wake wanne, lakini Tryphena hakulia. Alikuwa amefagia ofisi ya wapima madini kule Mombasa miaka sita, na mfagiaji huona mengi. Alisema tu, "Daktari, nipimie moja la mwisho, kisha niende." Akatia dawa kwa mkono wake, akashusha kifuniko. "Haya, soma, baba."

Fanuel akachungulia. "Moja nukta nane moja! Takataka ileile!"

Tryphena akainua kifuniko. Juu ya kioo hapakuwa na jiwe lolote, ila dawa.

"Tangu asubuhi unasoma namba ya dawa yenyewe," akamwambia. "Jiwe lazima lisuguliwe upande mmoja mpaka liwe laini, ndipo lilale sawasawa kwenye kioo. La sivyo halisomeki. Hata sisi wa ufagio tulilijua hilo."

Loo! Daktari mzima akabaki kufutafuta kioo kwa pindo la koti, jasho linamtiririka. Kilonzo akakohoa, eti tupige kura upya. Kura ya nini, mwanamume asiye na haya?

Tryphena alichukua sururu yake, akatupita mmoja mmoja, akasimama mbele yangu, mimi jirani yake niliyekesha naye siku alipofiwa.

"Loise," akasema, "mkono wako ndio nilioutazama kwanza."

Kisha akashuka shimoni.