Mama Viashiria na Vibao vya Wodi ya Wanaume

"Dada, umeme si kiashiria changu," anasema mkuu wa TEHAMA, mikono kiunoni, katikati ya wodi ya wanaume. "Umeme kawaulize watu wa majengo."

"Nimewauliza. Wamesema kompyuta ni zako."

"Basi andika hivyohivyo, uende zako nyumbani!"

Wagonjwa wawili wanainua vichwa kwenye mito. Mwanamke anayefokewa hainui chake. Anatelezesha kidole kwenye tableti, juu na chini, juu na chini. Maswali yote ameshayajaza isipokuwa la mwisho: Je, wodi imeacha kabisa kutumia karatasi? Ndiyo, au hapana.

Wauguzi wa hospitali hii ya umma wanamwita Mama Viashiria. Ameajiriwa na idara ya mipango ili kupima kama mkakati wa serikali wa TEHAMA, uliopangwa kwa miaka mitano, unatekelezwa au unasomwa tu mikutanoni.

"Watoto wangu wanadhani natengeneza kompyuta," anasema. "Sijawahi hata kugusa bisibisi. Mimi kazi yangu ni kuuliza maswali yanayokera watu."

Safari hii swali limemgeukia mwenyewe. Lengo la "wodi zisizo na karatasi" aliliandika yeye, na maswali ya kulipima aliyatunga yeye. Je, kompyuta ipo? Ipo. Je, wauguzi wamefundishwa? Wamefundishwa. Hakuna mahali alipouliza umeme ukikatika watu wanafanyaje.

Mwezi uliopita umeme ulikatika alfajiri, na jenereta haikuwa na dizeli. Muuguzi wa zamu ya usiku alimchoma insulini mzee wa kitanda cha dirishani, seremala mstaafu, akapanga kuingiza taarifa kwenye kompyuta umeme ukirudi. Zamani angeandika palepale, kwenye karatasi iliyobanwa kwenye kibao miguuni pa kitanda. Vibao vilikuwa vimeshaondolewa. Makabidhiano ya zamu yakafanyika kwa mdomo, gizani, huku mgonjwa mwingine akitapika damu; insulini haikutajwa. Umeme uliporudi, muuguzi yule alikuwa ameshaondoka.

Muuguzi wa asubuhi ndiye huyu aliyesimama kando ya ugomvi, kitambaa cha kufutia mikono kikiwa bado begani.

"Skrini ilisema hajapewa," anasimulia kwa sauti ya chini. "Nikaiamini skrini, kama tulivyofundishwa. Nikamchoma tena."

Sukari ya mzee ilishuka, akapoteza fahamu, hakuamka tena. Muuguzi wa usiku amesimamishwa kazi. Faili lake limeandikwa neno moja: uzembe.

"Yule alisahau," mkuu wa TEHAMA anarudia. "Mfumo haukusahau."

"Mfumo haukujua, utasahauje?"

"Usinichezee maneno. Ukijaza hapana, awamu ya pili inasimama. Kuna hospitali kumi na mbili zinasubiri kompyuta."

"Zinasubiri kompyuta, au zinasubiri kilichompata mzee wa dirishani?"

Mkuu anatabasamu upande mmoja. "Na mkataba wako unakwisha lini vile?"

"Mwisho wa mwezi. Unajua vizuri."

Kila mtu anajua. Mama Viashiria analea watoto watatu na mama yake aliyepooza, katika vyumba viwili vya kupanga. Mume alikwenda kutafuta kazi mbali. Kilichorudi mpaka leo ni salamu. Mshahara, ukitoa kodi na dawa za mama, haufiki katikati ya mwezi. Mkataba huongezwa kwa neno la wakubwa, na mkubwa mmojawapo amesimama mbele yake akitazama saa.

"Nilikuwa nimeshaweka kidole kwenye ndiyo," anakiri. "Sitasema uongo. Karatasi kweli hazipo. Ndiyo ingekuwa jibu sahihi kabisa, na mtu mwingine angekufa chini ya jibu sahihi."

Anabonyeza hapana. Kwenye nafasi ya maoni anaandika kuwa lengo lisitishwe, vibao virudi vitandani hadi kila wodi iwe na umeme wa akiba, na kifo cha mzee kichunguzwe upya kama kosa la mpango, si la muuguzi mmoja. Anabonyeza tena.

"Umetuma?"

"Nimetuma."

"Umejimaliza mwenyewe, dada."

"Huenda. Ufunguo wa stoo anao nani?"

"Ninao," anasema muuguzi, na ameshautoa mfukoni.

Vibao viko nyuma ya ndoo za kudekia, vumbi limevifunika kama unga. Wanavifuta kwa kile kitambaa cha begani. Tatizo ni karatasi: fomu za vitandani zilifutwa kwenye bajeti tangu mwaka jana. Mama Viashiria anafungua mkoba wake, anatoa nakala yake ya mkakati, kitabu kinene kilichochapwa upande mmoja tu, anaanza kuchana kurasa.

Muuguzi anashtuka. "Si ndio mkakati wenyewe huo?"

"Ndio wenyewe. Leo walau utafanya kazi."

Muuguzi anacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyesahau namna ya kucheka. Mkuu wa TEHAMA anatoka bila kuaga, simu sikioni.

"Wakinifukuza, atakuja mwingine na tableti hiihii," anasema Mama Viashiria huku akibana ukurasa, upande mweupe nje. "Ninachotaka ni kimoja. Akute swali jipya humo ndani: umeme ukikatika, mnaandika wapi?"

Kitanda kwa kitanda wanavitundika. Cha mwisho ni cha dirishani. Amelala kijana mwenye mguu uliofungwa bendeji, macho kwenye dari.

"Huyu amepewa dawa?"

"Amepewa. Saa mbili asubuhi."

Mama Viashiria anamnyooshea kalamu.

"Andika."