Sindano ya Pili ya Deusi

Siku yangu ya kwanza katika chumba cha eksirei hapa Sumbawanga, Mkuu wa Kitengo alinivalisha aproni ya risasi ya kuzuia mionzi, akanifundisha jambo moja. "Ukitafuta maji ya uti wa mgongo yanapovujia, daktari akishachoma dawa ya kung'arisha picha, mlaze mgonjwa kwa upande ulioumia, usubiri saa nzima. Maji hayana haraka yako."

Nilihamishwa Kabwe, nikarudi. Mashine ya CT ilipokuja, nilijua ni zamu yangu kusomeshwa kuitumia. Akapelekwa Upendo, binti niliyemfundisha mimi kuosha filamu. Niliumia sana. Nilichukia hata alivyoniamkia kwa adabu.

Ndipo akaletwa Deusi, mkulima wa ulezi kutoka Mwazye. Alianguka na pikipiki, bega likavutwa mpaka mizizi ya mishipa ya fahamu ikang'oka shingoni. Mkono ulikuwa umekufa. Tena kila akikaa, kichwa kilimuuma hadi akatapika, maana maji yalikuwa yakivuja. Mpasuaji wa Mbeya alitaka kwanza aonyeshwe ni wapi.

Daktari alimchoma mgongoni, Upendo akapiga picha papo hapo. Hakuona kitu. Akanigeukia.

"Baba, kuna namna nyingine?"

"Wewe ndiye uliyesoma," nikamjibu, nikaenda kunywa chai. Nilijua dawa ikishapotea mwilini, itabidi achomwe upya. Niliinywa chai yote.

Asubuhi nilipita wodini. Deusi alikuwa amelala chali, hathubutu kuinua kichwa.

"Shikamoo mzee. Wanasema hawakuona. Ndiyo nirudi nyumbani hivi hivi?"

Nilikwenda moja kwa moja kwa Upendo, nikamwambia habari ya kulaza na kusubiri. Alinitazama kidogo, kisha akaenda kumwita daktari. Sindano ya pili ilipoingia, Deusi alinishika mkono kwa mkono wake uliobaki mzima, akaubana. Tulisubiri saa nzima. Kando ya shingo dawa ikaonekana imejikusanya, kifuko cheupe kama punje ya hindi.

Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali, alimpongeza Upendo, nami nikaona wivu tena, bila haya. Deusi alipelekwa Mbeya. Alirudi anakaa na kula ugali wake, mkono ukining'inia.

Siku ya kuniaga kazini, Upendo alisimama. "Kusubiri nilifundishwa na baba huyu," akasema, na watu wakapiga makofi. Ile chai hakuitaja.

Mashine na masomo yake nimekwisha kuvisamehe. Ninachomwonea wivu mpaka leo ni ule moyo.