Jina Moja Mara Thelathini na Moja: Fundi wa Reli ya Mfano Nchiru

Saa mbili asubuhi, Jumatatu. Jedidah Wambeti amelala chali chini ya meza ndefu ya mbao, tochi ameibana kwa meno. Juu ya uso wake zinaning'inia nyaya nyekundu na nyeusi, zimefungwa kwa uzi kila baada ya shubiri moja. Anakaza skrubu, anatoa tochi mdomoni na kuita.

"Gedion! Piga kumi na nne!"

Kando ya meza, Gedion Mwongera, kijana wa miaka ishirini na minne aliyemaliza diploma hapa mwaka jana, anabonyeza vitufe vya kidude kinachoenea kiganjani. Mita tisa kutoka hapo, kipande cha reli chenye urefu wa kidole kinaruka kutoka kushoto kwenda kulia.

"Imeitika, Mama Lorna."

"Irudishe. Halafu tena. Mara kumi."

Hii ni karakana ya chuo kimoja cha ufundi nje kidogo ya Nchiru, Meru. Juu ya meza kuna reli ya mfano, yenye stesheni, madaraja na vichwa vya gari moshi unavyoweza kuvishika kwa mkono mmoja. Ililetwa Aprili mwaka huu wa 1998 katika masanduku sita, zawadi ya wafadhili wa ng'ambo, ili wanafunzi wajifunze kuendesha mitambo kwa namba.

Wafadhili wanakuja Jumatano kuiona ikitembea. Ijumaa, bodi ya chuo itaamua nani atakuwa fundi wa kudumu wa karakana. Jedidah, mwenye miaka arobaini na sita, ameiomba nafasi hiyo. Gedion pia.

Kwa miezi saba Jedidah amekuwa kibarua hapa, shilingi 180 kwa siku. Siku isiyo na kazi haina malipo.

"Nataka hii kazi," anasema, bila kuzungusha maneno. "Sijawahi kutaka kitu hivi tangu nipunguzwe kule simu."

Alizaliwa karibu na Gachoka, katika nyanda kavu za Mbeere, na kwa miaka kumi na tisa aliunganisha nyaya za simu mjini Embu. Mwaka wa 1996 alipewa barua ya kupunguzwa kazi pamoja na wenzake kumi na mmoja. Tangu hapo ametengeneza pasi, redio na taa za tochi. Alikuja Nchiru kumtembelea binti yake Lorna, aliyeolewa huku, akasikia kwamba chuo kina masanduku ambayo hakuna aliyeweza kuyafungua na kuyafanyia chochote.

Kipande kile kinachosogea huitwa pointi. Ndicho kinachoamua gari moshi liende njia ipi. Meza hii ina pointi kumi na nane, na chini ya kila moja kuna kisanduku kidogo chenye namba yake. Nyaya mbili tu hupita chini ya meza nzima, zikipeleka nguvu pamoja na amri. Walimu walikaa wiki tatu wakijiuliza nyaya mbili zitaendeshaje pointi kumi na nane.

Jedidah aliangalia mchoro kwa muda wa chai moja.

"Nikawaambia, hii ni simu," anakumbuka. "Ukipiga namba, kila kisanduku kinasikia, lakini mwenye namba ndiye anaitika. Wengine wananyamaza."

Anayetunza stoo, Nelius, mama mnene mwenye sauti ya kanisani, hapitwi na jambo. Anaingia na birika la chai na kuinama kuchungulia chini ya meza.

"Wewe mtu wa Mbeere, bado uko hai? Hapa Meru hatuna reli hata moja, na wewe umetuletea njia za kupotea kumi na nane!"

"Nunua tiketi, Nelius. Utaachwa stesheni."

"Mimi nipande hiyo? Nitakaa wapi, juu ya moshi?"

Jedidah anacheka, lakini hatoki chini mpaka Gedion amalize kuhesabu kumi.

Mambo hayakuwa hivi mwanzoni. Alipoanza, alitandaza nyaya jinsi mikono yake ilivyozoea: nyaya nyembamba zilizosokotwa mbili mbili, zilezile zinazotumiwa kwenye mitambo ya simu. Zilikuwa nyingi stoo na alizijua kwa rangi hata gizani. Pointi za karibu ziliitika vizuri. Za mwisho wa meza zilinguruma tu bila kusogea.

Katika jaribio la kwanza, mwezi Julai, pointi ya kumi na nne ilisimama katikati. Kichwa cha gari moshi kilitoka relini, kikaanguka kwenye sakafu ya saruji na kupasuka mbele.

"Sauti ya mtu haina uzito. Waya mwembamba unaibeba mpaka Nairobi," anasema. "Lakini pointi inasukumwa na sumaku, na sumaku inataka kula. Kufika mwisho wa meza, nguvu imeisha njiani. Fundi wa stima hangefanya hivyo. Ni sisi watu wa simu tu."

Alichomoa kila kitu. Alitandaza upya mita 240 za waya mnene, pamoja na vipande vya kufikia kila kisanduku na kila reli, kwa siku tisa. Kisha akafanya kile alichofunzwa kufanya kila siku ya kazi yake: akafungua kitabu cha hitilafu, akaandika tarehe, kilichoharibika, sababu, na jina lake.

Kitabu hicho ni chake mwenyewe, cha mistari, chenye jalada la buluu. Kule kwenye simu kila hitilafu iliandikwa, na aliyeitengeneza alitia sahihi, ili atakayekuja kesho asianze gizani. Tangu Aprili ameandika hitilafu thelathini na moja. Panya kula waya wa pointi ya sita. Stima kuzidi nguvu na kuunguza kisanduku cha tatu. Mwanafunzi kumwaga soda. Ya waya mwembamba ni moja tu, na hapo aliandika wazi: "Sababu: mimi."

Mwalimu mkuu, Bwana Kaberia, alikipenda kitabu hicho. Alikiomba wiki iliyopita akionyeshe bodi, na Jedidah akampa kwa furaha.

Jumatano wafadhili wanafika saa nne, wanne, na kamera mbili. Jedidah amevaa sketi yake ya Jumapili. Bwana Kaberia anamvuta kando.

"Mama Lorna, kaa chini ya meza, tafadhali. Kitu kikikataa, uwe karibu."

"Na sketi hii, Mwalimu?"

"Ni dakika ishirini tu."

Anaingia chini. Gedion anabonyeza namba moja baada ya nyingine. Gari moshi linazunguka, linaingia stesheni, linapishana na jingine, linapanda daraja. Pointi zote kumi na nane zinaitika. Makofi yanalia. Mgeni mmoja anauliza ni nani aliyefanya kazi safi namna hii.

"Idara yetu," Bwana Kaberia anajibu, mkono wake begani mwa Gedion.

Kutoka walipo wageni, viatu vya Jedidah vinaonekana. Hakuna anayeuliza ni vya nani.

Ijumaa, saa nane mchana, anaitwa ofisini. Barua ni ya aya mbili. Ya kwanza inamshukuru. Ya pili inasema kwamba bodi, baada ya kupitia kumbukumbu za karakana, imeona jina lake katika hitilafu thelathini na moja kwa miezi saba. Mwombaji mwingine hana hata moja, tena ana diploma. Anashauriwa ajiendeleze kimasomo.

"Mwalimu, hilo ni jina la aliyetengeneza," Jedidah anamwambia.

"Mimi najua, Mama Lorna. Bodi iliona orodha."

"Uliwaeleza?"

Bwana Kaberia anapanga karatasi ambazo tayari zimepangika. "Walikuwa na haraka."

Karakanani, Nelius amekasirika kuliko mwenyewe. "Thelathini na moja! Kwa hivyo ungekaa tu ukiota jua, wangekupa kazi?"

"Ningekaa vizuri, wangenipa cheo," Jedidah anajibu. "Kule simu, fundi ambaye jina lake haliko kitabuni aliulizwa alikuwa wapi."

Gedion amesimama mlangoni na hajui aweke wapi mikono. "Mama Lorna, mimi sikusema neno baya juu yako."

"Najua."

"Walipouliza kama nimewahi kuandika hitilafu, nilisema hapana."

"Hiyo ilikuwa kweli, mwanangu. Ndiyo shida."

Jioni hiyo hakwenda moja kwa moja kwenye chumba anachokodi karibu na vibanda vya wanafunzi. Alipitia ofisi ya masomo akachukua fomu ya diploma ya umeme, miaka mitatu. Fomu inataka maneno ya mfanyakazi wa kudumu wa chuo anayemfahamu mwombaji kikazi. Bwana Kaberia alikuwa ameondoka mapema. Nelius wa stoo hahesabiki. Akabaki mmoja, aliyepewa kazi ya kudumu mchana uleule.

Gedion aliandika akiwa ameegemea meza ya reli, taratibu, kama mtu anayefanya mtihani: "Ninamfahamu kwa miezi saba. Ana bidii. Anaweza kufundishika."

Jedidah aliyasoma mara mbili. Hakumwambia afute.

"Masomo yanafunguliwa tarehe kumi na moja Januari," anasema, akiiingiza fomu ndani ya bahasha. "Nikimaliza nitakuwa na miaka arobaini na tisa. Watatafuta sababu nyingine, hao nawajua. Lakini hii ya karatasi nitakuwa nimewanyang'anya."