Mashine ilisema betri ya gari langu inaganda kwa baridi, na niko Masasi

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijaongeza chumvi.

Naishi Masasi. Nina kagari ka haibridi, ka petroli na betri kubwa kule nyuma. Mke wangu, Mama Salma, ni mwalimu wa sayansi shule ya msingi.

Mwezi uliopita tulikuwa tunamfuata mama mkwe Mnyambe, huko Newala. Kesho yake alitakiwa kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho hospitali ya Newala. Madaktari wa macho walikuwa wamekuja kwa siku chache tu, ukiwakosa hujui watarudi lini.

Njiani, hatujafika hata Chiungutwa, taa nyekundu ikawaka kwenye dashibodi. Gari likaishiwa nguvu. Mlima wa Newala tusingeuweza, tukarudi taratibu mpaka kwa fundi Issa.

Akachomeka mashine ya kupimia. Ikaleta kosa la joto la betri.

"Kaka, betri imekwisha hii. Agiza nyingine Dar."

Nilinyong'onyea. Mama Salma akaomba aone kioo cha mashine.

"Fundi, namba hizi ni za nini?"

"Joto la betri, madam. Ina sensa tatu."

"Mbili zinasema nyuzi thelathini na mbili. Hii ya tatu inasema hasi arobaini. Masasi hii, saa sita mchana, barafu imetoka wapi?"

Fundi akacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Madam, betri ni nzima, haina ubovu. Huo ni waya umekatika."

Kwa wasiojua: waya wa sensa ukikatika, kompyuta ya gari inadhani kuna baridi kali, inaibana betri isifanye kazi.

Fundi akazima gari, akavaa glavu za mpira, akachomoa plagi ya usalama inayokata umeme wa betri, akasubiri kidogo ndipo akafungua. Msijaribu wenyewe, umeme wa mle unaua mtu.

Ndani kulikuwa na kiota cha panya, punje za korosho, na kawaya kembamba kametafunwa.

Hapo nikaangalia chini. Msimu mzima nilipakia magunia ya korosho kwenye buti, na Mama Salma alinikataza.

"Baba Salma," akasema, "kumbe ulikuwa na abiria."

Ni hayo tu aliyosema, wakuu. Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza.

Fundi akaunga waya, akafuta kosa, sensa zote tatu zikasoma sawa. Saa kumi tuko Mnyambe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Nilijua mtakuja." Alikuwa barazani tangu asubuhi, kibegi mapajani.

Upasuaji ulifanyika kesho yake. Bandeji ilipotolewa, alimvuta karibu mjukuu wake, binti yetu tuliyekwenda naye, akamtazama.

"Salma, kumbe una mwanya kama wangu."

Mama Salma akatoka nje kulia. Nikamfuata.

Nilichojifunza: mashine ikitaja kosa, msikimbilie kununua betri. Someni namba moja moja, mjiulize kama zinaingia akilini. Na mwenzio akikukataza jambo, msikilize.

Wenye haibridi, panya mnawazuiaje? Nisaidieni mawazo, korosho nimeshapigwa marufuku.